Mizani Kabla ya Mtutu: Ujazaji wa Risasi kwa Mkono na Historia ya Usahihi wa Shabaha ya Mbali, 1860–1950

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya ujazaji wa risasi za bunduki kwa mkono kama njia ya kuongeza usahihi wa shabaha ya mbali, kuanzia mashindano ya Wimbledon ya mwaka 1860 hadi kuibuka kwa ulengaji wa mezani nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940. Masimulizi yaliyozoeleka huyahusisha maendeleo ya usahihi na bunduki yenyewe pamoja na kiwanda kilichoiunda. Insha inadai kwamba sehemu kubwa ya maarifa hayo ilitokana na watumiaji waliopima, waliorudia na walioandika matokeo yao, na kwamba walichokitafuta hakikuwa nguvu bali usawa baina ya risasi moja na nyingine. Hoja inajengwa kwa mifano mitatu: mechi ya Creedmoor ya mwaka 1874, majaribio ya Franklin W. Mann yaliyochapishwa mwaka 1909, na ulengaji wa mezani wa miaka ya 1940. Mfano wa Ghuba ya Manza, Afrika Mashariki ya Kijerumani, mwaka 1915, unatumika kuonesha mpaka wa hoja hiyo.

1.0 Utangulizi

Tarehe 26 Septemba 1874, katika uwanja wa Creedmoor, Long Island, jimbo la New York, timu mbili za watu sita sita zilishindana kulenga shabaha kwa umbali wa yadi 800, 900 na 1,000. Timu ya Ireland ilitumia bunduki za Rigby zilizoshindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Timu ya Marekani ilitumia bunduki za Remington na Sharps zilizojazwa kwa nyuma. Marekani ilishinda kwa alama 934 dhidi ya 931. Tangu siku hiyo mechi ya Creedmoor imesimuliwa mara nyingi kama siku ambayo gobori lilishindwa na bunduki ya kisasa, na kiwanda kikaushinda mkono.

Insha hii inayatilia shaka masimulizi hayo. Haikanushi kwamba bunduki ya kujazwa kwa nyuma ilikuwa hatua kubwa. Inachokihoji ni mahali ambapo mwanahistoria anautafuta usahihi. Akiitazama bunduki peke yake, ataona mfululizo wa mitambo ambapo kila mmoja unachukua nafasi ya uliotangulia. Akizitazama risasi zilizoingia katika bunduki hizo, ataona jambo lisilobadilika kwa karibu karne moja: mtu ameketi mezani akiwa na mizani, anahakikisha kwamba risasi ya kumi haitofautiani na ya kwanza.

Swali linaloongoza insha ni hili: kwa nini ujazaji wa risasi kwa mkono, ambao kwa mantiki ya mapinduzi ya viwanda ulipaswa kutoweka baada ya risasi za kiwandani kuenea, uliendelea na hata ukastawi katika nyanja ya shabaha ya mbali? Jibu linatolewa kwa hatua. Kwanza istilahi zinafafanuliwa, kisha tatizo la kimaumbile linaelezwa, na baada ya hapo mifano ya kihistoria inachambuliwa kwa mfuatano wa wakati.

2.0 Istilahi

Kiswahili kina msamiati wa zamani kuhusu silaha za moto, kwa kuwa bunduki za kushindilia ziliingia kwa wingi katika pwani na bara ya Afrika Mashariki katika karne ya 19. Maneno gobori, mdeki, kalibu, baruti na fataki ni mabaki ya uzoefu huo. Hata hivyo, neno risasi lina utata. Kwa asili yake ya Kiarabu lina maana ya madini ya risasi. Katika matumizi ya leo linaweza kumaanisha madini hayo, kipande kinachoruka, au kifaa kizima kinachoingizwa katika bunduki. Utata huo hauna madhara katika mazungumzo, lakini unaharibu hoja ya kihistoria inayotegemea kutenganisha sehemu hizo.

Kwa sababu hiyo, insha hii inatumia neno risasi kwa maana ya kifaa kizima. Kipande kinachoruka kinaitwa kichwa cha risasi. Kopo la shaba nyeupe linalobeba vyote linaitwa ganda. Fataki inatumika kwa maana yake ya zamani, yaani kidonge kidogo kinacholipuka kikigongwa na kuiwasha baruti, wala si kwa maana ya fataki za sherehe. Ujazaji wa risasi kwa mkono ni kazi ya kuondoa fataki iliyotumika, kurudisha ganda katika umbo lake, kuweka fataki mpya, kumimina baruti iliyopimwa na kukaza kichwa cha risasi mahali pake.

Usahihi nao unahitaji kugawanywa. Mlenga shabaha anaweza kupiga mara tano na matundu yote yakakaribiana, ingawa yapo mbali na kitovu. Kosa hilo hurekebishwa kwa kusogeza kilengeo. Lakini matundu yakitawanyika, hakuna kilengeo kinachoweza kuyakusanya. Hali ya matundu kukaribiana ndiyo inayoitwa usawa katika insha hii, na ndiyo iliyokuwa shabaha ya kweli ya wajazaji wa risasi.

3.0 Tatizo la Kimaumbile

Umuhimu wa usawa unaonekana kwa hesabu rahisi. Kichwa cha risasi cha miaka ya 1870, chenye mwendo wa baruti nyeusi, kilikaa hewani zaidi ya sekunde 3 kabla ya kufika yadi 1,000, sawa na mita 914 hivi. Kitu kinachoanguka kwa sekunde 3 hushuka mita 44.1. Kikianguka kwa sekunde 3.05, hushuka mita 45.6. Tofauti ya sehemu tano za mia za sekunde inazaa tofauti ya takribani mita moja na nusu kwenye shabaha. Kitovu cha shabaha ya Creedmoor mwaka 1874 kilikuwa mraba wa futi 3, yaani chini ya mita moja. Mlengaji mwenye jicho kali na mkono mtulivu angeweza kukosa kitovu chote kwa sababu tu risasi mbili hazikutoka kwa kasi moja.

Wazo kwamba kasi ya risasi inaweza kupimwa halikuwa geni. Benjamin Robins wa Uingereza alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1742 jinsi ya kukadiria kasi kwa kupiga gogo lililoning'inizwa na kupima kuyumba kwake. Katika miaka ya 1860 Mbelgiji Le Boulengé alibuni chombo cha umeme cha kazi hiyo. Lakini vyombo hivyo vilikuwa vya maabara na vya majeshi. Mlengaji wa kawaida hakuweza kupima kasi. Aliweza kupima visababishi vya kasi: uzito wa baruti, uzito na umbo la kichwa cha risasi, na usafi wa mtutu.

Kila kimoja kati ya visababishi hivyo kilikuwa na ugumu wake. Utafiti wa Noble na Abel, uliochapishwa mwaka 1875, ulionesha kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi iliyowaka hubaki kama masizi na chumvi badala ya kuwa gesi. Mabaki hayo huganda ndani ya mtutu, na risasi inayofuata hupita katika njia isiyofanana na ya iliyotangulia. Usawa, basi, haukuwa hali ya asili ya bunduki. Ulikuwa matokeo ya kazi iliyorudiwa kila baada ya mlio.

4.0 Kutoka Wimbledon hadi Creedmoor, 1860–1875

Chama cha kitaifa cha walenga shabaha cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1859, na mkutano wake wa kwanza ulifunguliwa huko Wimbledon mwezi Julai 1860. Malkia Victoria alifyatua bunduki ya Whitworth iliyofungwa imara juu ya kiegemeo, kwa umbali wa yadi 400, na risasi ikatua karibu kabisa na kitovu. Tukio hilo lilikuwa la heshima, lakini lilibeba fundisho: mkono wa mlengaji ulipoondolewa, kilichobaki kuamua matokeo kilikuwa bunduki na risasi yake. Joseph Whitworth, fundi mashuhuri wa vipimo kutoka Manchester, alikuwa ametumia miaka ya 1850 kuchunguza uwiano wa kipenyo, urefu wa kichwa cha risasi na mzunguko wa mifuo ya mtutu. Aliileta katika bunduki nidhamu ileile aliyoileta katika parafujo na mashine.

Mashindano ya Wimbledon yalizalisha tabaka la walengaji waliopima kila kitu. Waayalandi walijiunga na mashindano ya Ngao ya Elcho mwaka 1865 na wakashinda mwaka 1873. Ushindi huo ndio uliowapa ujasiri wa kuwaalika Wamarekani, ambao chama chao kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1871 na uwanja wao wa Creedmoor kufunguliwa mwaka 1873.

Matokeo ya mechi ya 1874 yanastahili kusomwa kwa kila umbali. Katika yadi 800 Marekani ilipata alama 326 na Ireland 317. Katika yadi 900 Ireland iliongoza kwa 312 dhidi ya 310. Katika yadi 1,000 Ireland iliongoza tena kwa 302 dhidi ya 298. Kwa maneno mengine, bunduki za kushindilia zilishindwa katika umbali mfupi tu kati ya yote matatu, na zikashinda katika mawili yaliyokuwa marefu zaidi. Aidha, mlengaji mmoja wa Ireland, J. K. Milner, alipiga kitovu cha shabaha isiyokuwa yake, na alama 4 za pigo hilo hazikuhesabiwa. Kwa upande wa Marekani, pigo la mwisho la John Bodine, aliyekuwa amejikata mkono kwa chupa iliyopasuka, lilileta alama 4 zilizoamua mechi. Kila timu ingeweza kupata alama 1,080. Tofauti ya alama 3 haiwezi kubeba mzigo wa hitimisho kwamba mfumo mmoja wa bunduki uliupita mwingine.

Ni kweli kwamba mwaka uliofuata, katika mechi ya marudiano huko Dollymount nchini Ireland, Wamarekani walishinda kwa alama 967 dhidi ya 929. Ushahidi huo hauwezi kupuuzwa, na insha hii haiupuuzi. Kujaza kwa nyuma kuliwarahisishia walengaji kuusafisha mtutu na kuukagua baada ya kila mlio. Lakini hata hapo inabaki kuulizwa ni nani aliyezitengeneza risasi walizozitumia. Walengaji wa pande zote mbili walitegemea baruti iliyopimwa kwa mizani kabla ya mashindano na vichwa vya risasi vilivyofungwa karatasi kwa uangalifu. Wamarekani walimimina baruti katika ganda kupitia mrija mrefu ili punje zijipange kwa namna moja. Waayalandi waliimimina katika mtutu na kusukuma kichwa cha risasi kwa mdeki, kwa nguvu ileile kila mara. Tofauti ilikuwa katika mlango wa kuingilia. Nidhamu ilikuwa moja.

5.0 Fataki Mbili na Hatima Mbili

Kama nidhamu hiyo ilikuwa ya pamoja, kwa nini ujazaji wa mkono ulikita mizizi zaidi Marekani kuliko kwingineko? Sababu mojawapo ni ndogo kiasi cha kutoshea ncha ya kidole. Katika miaka ya 1860 miundo miwili ya fataki ilisajiliwa. Hiram Berdan, Mmarekani, aliiweka fuawe, yaani kijinundu ambacho fataki hugongwa dhidi yake, kama sehemu ya ganda lenyewe, na akatoboa matundu mawili madogo ya kupitishia moto pembeni mwake. Edward Boxer, afisa wa Kiingereza wa maabara ya Woolwich, aliiweka fuawe ndani ya fataki, na ganda likabaki na tundu moja la katikati.

Historia ikafanya kinyume na uraia wa wabunifu. Muundo wa Mmarekani ulienea Ulaya, na muundo wa Mwingereza ukatawala Marekani. Athari yake kwa watumiaji ilikuwa kubwa. Ganda la Boxer linaweza kuondolewa fataki kwa kusukuma kijiti kimoja kupitia tundu la katikati. Ganda la Berdan halina tundu hilo, na fataki yake hutolewa kwa taabu. Hivyo ganda lililotumika lilikuwa kwa Mmarekani chombo cha kujazwa tena, na kwa Mzungu wa Ulaya mara nyingi lilikuwa taka. Hakuna aliyekusudia matokeo hayo. Ni mfano wa jinsi uamuzi mdogo wa kiufundi unavyoweza kufungua au kufunga mlango wa maarifa ya watumiaji kwa vizazi kadhaa.

Mlango ulipofunguka, soko lilifuata. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal huko New Haven, Connecticut, iliyouza koleo za mkono za kujazia risasi, kalibu za vichwa vya risasi na vijitabu vya maelekezo. Kampuni ya Lyman iliinunua mwaka 1925. Vijitabu vya Ideal ni chanzo muhimu cha kihistoria kwa sababu vinaonesha maarifa yakihama kutoka kwa mabwana wachache wa Wimbledon na Creedmoor, waliomudu bunduki za bei kubwa, kwenda kwa mtu wa kawaida mwenye meza, koleo na mizani.

Hata hivyo, si kila ujazaji ulilenga usahihi. Wawindaji wa nyati wa nyanda za Marekani katika miaka ya 1870 walijaza risasi kambini kwa sababu duka lilikuwa mbali na kila ganda lilikuwa mali. Ujuzi huohuo wa kalibu na baruti ulisaidia kuwamaliza karibu kabisa wanyama hao. Mwanahistoria anayesifu ustadi wa mkono hana budi kuandika pia kile ambacho mkono huo ulifanya.

6.0 Baruti Isiyo na Moshi na Maswali ya Mann

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alifanikiwa kutengeneza baruti isiyo na moshi, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likapokea bunduki ya Lebel iliyoitumia. Mabaki ndani ya mtutu yalipungua sana na kasi ikaongezeka. Kwa mtazamo wa juu juu, huu ulikuwa mwisho wa ujazaji wa mkono. Baruti mpya ilikuwa na nguvu kubwa kwa uzito mdogo, na mjazaji aliyezoea kupima baruti nyeusi kwa kijiko angeweza kuivunja bunduki na kujiumiza. Kosa lililowahi kugharimu alama sasa liligharimu jicho au uhai.

Lakini hatari hiyo iliongeza hadhi ya mizani badala ya kuipunguza, na sababu za mtawanyiko zilibaki fumbo. Harry Pope, fundi wa mitutu aliyeishi kati ya 1861 na 1950, alipata sifa miongoni mwa walengaji wa yadi 200 kwa mfumo uliotumia ganda moja tu kwa mashindano mazima. Ganda hilo liliwekwa fataki mpya na kujazwa baruti baada ya kila mlio, na kichwa cha risasi kikaingizwa kwa mdomo wa mtutu. Mantiki yake ilikuwa wazi: maganda mawili hayawezi kulingana kikamilifu, ila ganda moja hulingana na lenyewe. Inafaa kusisitiza kwamba kichwa cha risasi kilipita mdomoni mwa mtutu miongo kadhaa baada ya Creedmoor kudaiwa kuizika njia hiyo.

Hatua iliyofuata ilitoka kwa daktari wa tiba. Franklin W. Mann wa Massachusetts alitumia miaka mingi na fedha zake mwenyewe kuuliza swali moja: kwa nini risasi zilizotoka katika mtutu uleule, chini ya hali ileile, hazitui mahali pamoja? Alijenga kiegemeo cha zege ili kuondoa kosa la binadamu. Alipanga karatasi katika njia ya risasi ili kila moja iache alama ya jinsi kichwa kilivyoyumba. Kisha akaviharibu vichwa vya risasi kwa makusudi, vingine kwenye ncha na vingine kwenye kitako. Matokeo yalikwenda kinyume na matarajio ya wengi. Ncha iliyoharibiwa haikuathiri sana mwelekeo, lakini kitako chenye kasoro au kichwa kisicho na mizania kilitawanya matundu. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1909 katika kitabu cha The Bullet's Flight from Powder to Target.

Umuhimu wa Mann katika historia hii ni wa aina mbili. Kwanza, aliuhamisha mjadala kutoka kwenye mtutu na baruti kwenda kwenye kichwa cha risasi. Pili, aliandika pia majaribio yaliyoshindwa. Kiwanda kina sababu za kibiashara za kuficha kushindwa, na jeshi lina sababu za kiusalama. Daktari huyu hakuwa na sababu hata moja kati ya hizo. Ndiyo maana kitabu chake kiliendelea kusomwa na wajazaji wa vizazi vilivyofuata.

7.0 Ghuba ya Manza, 1915: Mpaka wa Hoja

Wakati majaribio ya Mann yakiwa yamekwisha kuchapishwa, kazi inayofanana na ya wajazaji ilifanyika katika ardhi ya Tanzania ya leo, kwa sababu tofauti kabisa. Mwezi Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojifanya meli ya Kidenmaki, ilishambuliwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth na kuzamia katika Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Shehena kubwa iliokolewa, lakini risasi zilikuwa zimelowa maji ya bahari. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Kijerumani, alieleza katika kumbukumbu zake kwamba risasi zilifunguliwa, baruti ikasafishwa na baadhi ya fataki zikabadilishwa.

Kwa vitendo vyake, kazi hiyo ilikuwa ujazaji wa risasi kwa mkono. Kwa lengo lake, haikuwa historia ileile. Waliofungua risasi za Manza hawakuuliza kama risasi ya kumi italingana na ya kwanza. Waliuliza kama italipuka. Ulinganisho huu unasaidia kuweka mpaka wa hoja. Zana na mikono pekee havizai maarifa ya usahihi. Kinachoyazaa ni swali linaloulizwa, muda wa kulirudia, na daftari la kulitunza. Creedmoor na Massachusetts walikuwa na vyote vitatu kwa sababu walikuwa na amani, fedha na nafasi. Manza palikuwa na vita. Askari na wapagazi waliobeba mzigo wa vita hivyo wanaonekana katika kumbukumbu za makamanda kama nguvu kazi, si kama wenye ujuzi. Hivyo ukimya wa vyanzo kuhusu mikono iliyofanya kazi ile usichukuliwe kuwa ushahidi wa kutokuwepo kwa ustadi.

8.0 Uhaba na Meza, Miaka ya 1940

Vita vya Pili vya Dunia vilileta uhaba wa vichwa vya risasi kwa raia wa Marekani, kwa kuwa viwanda vilihudumia jeshi. Uhaba ukazaa ubunifu. Wajazaji kadhaa, miongoni mwao Fred Huntington wa California, waligundua kwamba ganda lililotumika la risasi ndogo za .22, ambalo lilitupwa kwa wingi viwanjani, linaweza kukandamizwa na kuwa gamba la kichwa cha risasi chenye kiini cha madini laini. Kampuni aliyoianzisha Huntington mwaka 1943 ilipata jina lake la RCBS kutokana na kifaa cha kazi hiyo. Speer ilianza mwaka huohuo, Sierra mwaka 1947 na Hornady mwaka 1949. Zote zilianza kwa kuwahudumia wajazaji wa mkono.

Mwishoni mwa muongo huo ulengaji wa mezani ulipata umbo la mashindano rasmi. Mlengaji aliketi, bunduki ikaegemezwa juu ya mifuko ya mchanga, na alichoshindania hakikuwa alama za kitovu bali udogo wa kundi la matundu. Kanuni hiyo ni tamko la wazi la kile ambacho wajazaji walikuwa wakikitafuta tangu Wimbledon. Kitovu kiliondolewa katika hesabu na usawa ukabaki peke yake. Malkia Victoria alifyatua bunduki iliyofungwa ili kufungua sherehe. Miaka themanini na kitu baadaye, bunduki iliyotulizwa juu ya meza ikawa mchezo wenyewe.

Katika hatua hii uhusiano wa kiwanda na mkono uligeuka. Vichwa vya risasi vilivyobuniwa kwa ajili ya mashindano ya wajazaji baadaye viliingia katika risasi za kiwandani za daraja la mashindano, na hata katika za majeshi. Mkondo wa maarifa haukushuka tu kutoka kiwandani kwenda kwa mtumiaji, bali ulipanda pia.

9.0 Hitimisho

Insha imeonesha kwamba ujazaji wa risasi kwa mkono haukuwa mabaki ya zama za gobori yaliyosahaulika kufa. Ulidumu kwa sababu kiwanda na mjazaji walikuwa na malengo tofauti. Kiwanda kilitakiwa kuzalisha mamilioni ya risasi salama zitakazofaa kila bunduki ya aina moja. Mjazaji alitaka risasi chache zilizolingana kwa ajili ya bunduki moja aliyoifahamu. Lengo la pili halikuwa dogo kuliko la kwanza. Lilikuwa jingine, na lilizaa maarifa ambayo la kwanza halikuyahitaji hadi baadaye.

Imeoneshwa pia kwamba mechi ya Creedmoor, ikisomwa kwa kila umbali, haithibitishi kile inachotajwa kuthibitisha. Alama 302 kwa 298 katika yadi 1,000 zinatosha kumfanya mtafiti asite kabla ya kuandika kwamba mfumo wa zamani ulishindwa na mpya. Tatizo hilo si la bunduki pekee. Historia nyingi za teknolojia huandikwa kwa kumtazama mshindi wa mwisho na kurudi nyuma, hivyo kila hatua huonekana kama ngazi ya kumfikia. Namba ndogo zilizohifadhiwa na watumiaji ndizo zinazoweza kulisahihisha kosa hilo.

Mwisho, mfano wa Manza unawaachia watafiti wa Afrika Mashariki kazi mahususi. Msamiati wetu wa gobori, mdeki, kalibu na fataki ni ushahidi kwamba wapo waliopima baruti, waliosubu risasi na waliojua ni kiasi gani kinatosha, muda mrefu kabla ya vita vya 1914. Maarifa yao hayakuandikwa katika vijitabu vya New Haven. Yapo katika lugha, na katika simulizi za wawindaji na wahunzi. Kuyatafuta humo ni kazi inayoweza kuanza kwa swali lilelile lililoulizwa katika insha hii: nani aliishika mizani kabla ya mtutu kulia?